Mauzo ya Kopo Jekundu

Tarehe 9 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, Shangazi pia, na presha yako imetulia. Najua ungependa nianze na hesabu na salamu zije mwishoni, lakini nililelewa na Mama pia, kwa hiyo vumilia.

Haya, hesabu. Mwaka tumeufunga vizuri. Bei ya sukari ilitutoa jasho, umeme ukatusumbua katikati ya mwaka, lakini tukishalipa kila anayestahili kulipwa, faida imepanda karibu robo ukilinganisha na mwaka jana. Lililotubeba ni kopo jeusi, ile soda isiyo na sukari ambayo wewe unaiita maji ya betri. Vijana wanalipenda, na siku hizi hata ofisini watu wanalificha chini ya meza ili wasiombwe.

Kopo jekundu, lile ulilolianzisha wewe na Fundi Spana, limeshuka tena. Limeshuka kila mahali, isipokuwa mji mmoja. Mji wenu! Hapo kwenu mauzo yamepanda mara tatu. Nilidhani karani kakosea, nikamrudisha ghalani akahakiki upya, akarudi na hesabu ileile.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka jana: bodi imesema kopo jekundu likishuka tena, mtambo wa zamani utazimwa, na wale watu kumi na mmoja wanaouendesha hawajui wataangukia wapi. Sasa angalau nina jambo la kuwaonyesha wakubwa. Hebu niambie Baba, nani anakunywa kopo jekundu huko? Na kwa nini huko tu?

Gawio lako la hisa la nusu mwaka limeshaingia benki. Safari hii jinunulie viatu.

Binti yako


Tarehe 17 Januari

Binti yangu,

Marahaba. Barua imefika. Asante kwa kuandika badala ya kupiga simu. Simu ni ya kuulizana bei na kupeana habari mbaya, mambo ya mwaka mzima yanataka karatasi.

Kwa hiyo kampuni imepata faida. Vizuri. Mimi nilipowaachia ofisi nilisema mtaweza, wapo walionicheka, leo sijui wamejificha wapi.

Umeuliza nani anakunywa. Mji huu umechangamka siku hizi. Wanajenga huku na huku, na mafundi ujenzi bila kopo jekundu hawapandi ngazi. Madereva wa malori wananunua katoni nzima kwa mara moja. Wauguzi wa zamu nao, usiseme. Ladha ya zamani ina wenyewe, mwanangu. Hayo maji ya betri yatapita kama yalivyopita mengine.

Waambie bodi waache papara. Mtambo ule niliusimika kwa mikono yangu na mikono ya Spana, hauli umeme mwingi kama wanavyodai.

Viatu ninavyo.

Baba yako


Tarehe 28 Januari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hujui umenitua mzigo gani.

Nimeandika ukurasa mzima kuhusu mji wenu kwenye ripoti ya mwaka. Madereva, mafundi ujenzi, wauguzi, wote nimewaweka. Ninapendekeza tununue malori mawili, tufungue ghala hapo kwenu na kuajiri mawakala, tuanzie hapo kulirudisha kopo jekundu kwenye miji ya jirani. Fedha zitatoka kwenye faida ya mwaka huu. Ripoti itasomwa kwenye mkutano mkuu katikati ya Machi, na wanahisa wakikubali, mtambo unabaki na watu wake wanabaki.

Wiki mbili zijazo nitamtuma mpiga picha. Mwonyeshe hao madereva, na kama inawezekana apate picha ya muuguzi akiwa na kopo mkononi. Utakuwa mwenyeji wake.

Leo nimepita karibu na mtambo wa zamani nikasimama kidogo kuusikiliza. Sijafanya hivyo muda mrefu.

Binti yako


Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa sababu simu iko sebuleni, na kaka yangu naye yuko sebuleni, na masikio yake, tofauti na magoti yake, hayajazeeka.

Huyo mpiga picha wako akija, mwelekeze moja kwa moja kwenye chumba changu cha wageni. Ndiko soko liliko.

Sitanii. Chumba kimejaa katoni za kopo jekundu toka sakafuni mpaka darini. Dirisha halionekani, ukiingia mchana unawasha taa. Zilipozidi akaanza kuzipanga kwenye ukumbi, nikazitandikia kitambaa, sasa wageni wananisifu kwa meza ndefu. Binamu yangu alipokuja kututembelea alilala kwenye kochi, nikamdanganya kwamba chumba kina mchwa. Mwenye duka la jumla, baba yako akipita, anasimama kama kapita waziri. Mzigo unaletwa kwa mkokoteni kila mwanzo wa mwezi, na fedha zote ni zile za gawio unalomtumia.

Yeye mwenyewe hanywi hata tone. Nimekuwa muuguzi miaka yote hiyo, nampima presha kila asubuhi, angethubutu ningemjua kabla hajameza. Nilipomuuliza za nini, aliniambia ni akiba. Nilidhani ni mzee anayekumbuka kazi yake, nikasema afadhali katoni kuliko pombe.

Lakini juzi alinisomea barua yako kwa sauti, kama kawaida yake. Alipofika kwenye malori mawili, sauti ikakatika. Chakula hakukimaliza. Tangu hapo anazunguka nyumba na kalamu sikioni, hajui aanzie wapi kukuambia. Mimi nikaona nianze.

Usimkaripie. Alitaka kuwabakizia wenzake kazi, basi.

Shangazi yako


Tarehe 12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Kwanza nilicheka. Nilifunga mlango wa ofisi nikacheka mpaka jirani yangu wa chumba cha pili akabisha kuuliza kama niko salama. Gawio namtumia mimi, linanirudia kiwandani kwa mlango wa nyuma limevaa kofia ya mauzo, nami nakaa na kalamu nasifu soko jipya!

Halafu kicheko kikaniisha. Kama barua yako ingefika baada ya mkutano, malori yangekuwa yameshaagizwa.

Nimekaa na mkaguzi wetu wa hesabu nikamweleza. Anasema mauzo ni mauzo, kopo lililolipiwa limelipiwa, sheria haina neno. Kweli. Lakini nikiwaambia wanahisa kuna soko pale, nitakuwa nimewaingiza mkenge, na fedha za malori zitaozea barabarani. Kwa hiyo ukurasa wa mji wenu nimeuondoa. Mahali pake nimeandika mstari mmoja: mauzo ya hapo yametokana na mnunuzi mmoja na hayatarajiwi kujirudia. Jina sikuweka. Heshima yake sitaigusa. Bila mji wenu, kopo jekundu limeanguka vibaya zaidi ya mwaka jana.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani. Shangazi, wazo la kuuzima mtambo halikutoka kwa bodi. Niliyeandika pendekezo hilo ni mimi, meneja wao wa fedha, mwaka juzi. Nilipomwandikia Baba nikasema ni bodi, na watu wa mtambo nao nikawaambia ni bodi. Ndiyo maana barua yake ya madereva niliidaka kama mtoto anavyodaka pipi. Nilitaka iwe kweli.

Tafadhali yabaki kwako. Nitamwambia mwenyewe, baada ya mkutano.

Mwanao


Tarehe 20 Februari

Binti yangu,

Nimesikia mpiga picha haji tena. Hewala. Watu wa hapa hawapendi sana kupigwa picha.

Nitakuja kwenye mkutano mkuu. Hisa zangu ni chache lakini bado zina kiti. Usihangaike na mambo ya hoteli, Spana ana kitanda cha ziada, na mkewe anajua nisivyokula chumvi.

Baba yako


Tarehe 17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameondoka na basi la leo asubuhi bila kuniaga, kwa hiyo atafika kabla ya barua hii. Heri usikie kutoka kwangu kilichotokea.

Ukumbi ulijaa. Nilisoma hesabu za mwaka, watu wakapiga makofi kwenye faida, wakapiga zaidi kwenye gawio. Nikafika kopo jekundu. Nikausoma ule mstari wa mnunuzi mmoja haraka haraka ili niugeuze ukurasa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, yule ambaye kila mwaka huja na mto wa kukalia, akanyoosha mkono.

“Huyo mnunuzi mmoja ni nani? Tumtafute tumpe zawadi, au tumpeleke akapimwe?”

Ukumbi mzima ukacheka. Nilikuwa natafuta jibu, mara nikaona Baba anasimama kule nyuma. Alichukua muda, unajua magoti yake.

“Mnunuzi ni mimi,” akasema. “Na kupimwa, napimwa kila asubuhi.”

Walicheka tena, halafu wakagundua hatanii, wakageuka kumtazama. Akaendelea taratibu tu, kama anavyozungumza mezani. Akasema, “Meneja wa fedha msimlaumu. Nilimwandikia mambo ya madereva na wauguzi, yote nilitunga. Pale kiwandani kuna watu kumi na mmoja nilioanza nao au niliowaajiri mwenyewe, nikaona nikinunua kidogo kidogo mtambo wao utapata pumzi. Nilikosea njia. Lakini kwa kuwa nimesimama, nina swali. Ninyi wa bodi mlioamua kuuzima, mmewahi hata kushuka kuuona?”

Mwenyekiti si mtu mbaya, Shangazi. Alijibu kwa adabu kabisa. “Mzee wetu, bodi haikuamua kuuzima. Tuliletewa pendekezo na meneja wa fedha mwaka juzi, na mwaka jana tukamwomba asubiri.”

Mimi nilikuwa nimeshika karatasi. Sikuinua macho. Nilichosikia ni Baba akisema, “Ahsante,” na kiti kikilalamika alipokaa.

Kura zilipigwa. Mtambo utazimwa mwisho wa Juni. Wanane watahamia mtambo wa kopo jeusi, watatu watalipwa haki zao, Fundi Spana akiwemo. Nilipotoka kumtafuta Baba mlangoni alikuwa ameshaondoka.

Mwanao


Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Kafika salama. Siku mbili za kwanza alikuwa kimya kama mgeni. Siku ya tatu akafungua chumba cha wageni, akaanza kutoa katoni moja moja na kuzigawa. Nimemuuliza kama ana hasira na wewe, kaniambia ana usingizi. Hana usingizi.

Mimi sitajifanya sijui. Hajakasirika kwa kuzimwa mtambo. Kilichomkaa kooni ni hiyo “bodi imesema.” Mwandikie. Na tafadhali, usimwandikie asilimia.

Shangazi yako


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Ni mimi. Hilo ndilo neno nililopaswa kuandika mwaka jana, na sikuliandika.

Nilipokaa na vitabu mwaka juzi niliona kila katoni ya kopo jekundu inayotoka inakula kilicholetwa na kopo jeusi. Nikipiga hivi, nikipiga vile, jibu lilikuwa lilelile. Nikaandika pendekezo, nikalipeleka, na hapo sikutetemeka. Nilitetemeka jioni nilipotaka kukuandikia. Nilimkumbuka Mama akibandika karatasi kwenye makopo ya kwanza pale mezani jikoni, nami mtoto nimekatazwa kugusa gundi. Nikajiuliza nitamwambiaje Baba kwamba mimi ndiye ninayeufunga mlango. Nikaandika “bodi.” Ni neno fupi. Likateleza bila shida, na baada ya hapo kila mwezi likawa gumu zaidi kulirudisha.

Si wewe tu. Fundi Spana ananisalimia kila asubuhi, ananiambia, “Pole na bodi yako.” Nami naitikia, “Nishapoa.”

Si wewe peke yako uliyedanganya, Baba. Tulidanganyana, na wewe angalau ulisimama ukasema mbele za watu.

Sikuombi ukubali mtambo uzimwe. Nakuomba unijibu tu, hata mistari miwili.

Binti yako


Tarehe 11 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Ugonjwa hapana, shangazi yako hauruhusu humu ndani. Nilikuwa nakaa na barua yako.

Hesabu zako za kwenye ripoti nimezipiga upya mwenyewe, kwenye karatasi za kufungia katoni. Nilitafuta mahali ulipokosea, na nakiri nilitafuta kwa nia mbaya. Sikupaona. Mtambo ule ulipaswa kuzimwa, na mimi ningekuwa kwenye kiti chako ningechelewa na kampuni ingeumia.

Kilichoniuma ni kwamba mwaka mzima niliwachukia wazee wa watu bure. Nimewatukana bodi hapa sebuleni mpaka majirani wakawajua kwa sura. Na wewe ulikuwa unaubeba mzigo huo peke yako, huku mimi nakuandikia porojo za madereva. Hapo ndipo nilipokaa kimya. Nilikuwa sina la kukuambia, nikaonekana nimenuna.

Katoni zimebaki chache. Mafundi wanaojenga ukuta wa jirani wamezinywa wiki nzima, na wawili wameniuliza dawa hii inapatikana wapi. Niliwajibu ukweli: kwa sasa, chumbani kwangu tu. Usianze kuagiza malori.

Sasa nina swali, na safari hii nataka jibu lenye mwenyewe. Siku ya kuzima, nani atazungumza na wale watu? Kama litakuwa tangazo limebandikwa ukutani na sahihi ya bodi, usinitumie habari. Kama ni wewe, nitakuja nisimame hapo. Sitasema neno. Maneno yatakuwa yako.

Baba yako


Tarehe 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba amefika salama, miguu imevimba kidogo kwa safari lakini dawa anameza, nimehakikisha kwa macho yangu.

Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Walikusanyika mbele ya mtambo, wote kumi na mmoja wakiwa na makoti yao ya kazi, na wengine wa upande wa pili wakaja kusikiliza. Baba alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Nikaanza vizuri, nikawaeleza mauzo yalivyoshuka, nani anakwenda wapi na nani analipwa nini. Halafu nikafika penyewe. Nikasema, “Niliwaambia ni bodi. Si bodi. Pendekezo la kuuzima mtambo niliandika mimi.” Nikamtazama Baba. Nilidhani atanisaidia, Shangazi, hata kwa kukohoa. Alinitazama tu, akangoja. Basi nami nikaendelea.

Yule mama anayefunga katoni, mmoja wa wale watatu wanaoondoka, akauliza, “Kwa nini hukutuambia mwaka jana? Kiwanda cha sabuni walikuwa wanaajiri. Nilikwenda mpaka getini, nikarudi kwa sababu ulisema bodi inaweza kubadili mawazo.”

Nilikuwa na maneno mengi ya ofisini. Nikamwambia, “Niliogopa.”

Akatikisa kichwa. Hakusema amenisamehe na sikumwomba. Nimezungumza na watu wa sabuni, wameahidi kumwita nafasi ikipatikana. Ni ahadi tu, najua, na yeye nimemwambia ni ahadi tu.

Fundi Spana ndiye aliyezima. Alimwita Baba aje washike swichi pamoja, Baba akakataa, akasema, “Uliiwasha wewe, mimi nilikuwa nimeshika tochi.” Spana akazima. Kumbe mtambo ule ulikuwa na kelele nyingi, hatukuwahi kuzisikia mpaka zilipokoma. Watu wakachukua mifagio wakafagia, bila kuambiwa na mtu. Baba naye akachukua mmoja.

Tulirudi nyumbani kwangu kwa miguu, polepole kwa ajili ya magoti yake. Njiani hakuniuliza mauzo hata mara moja. Aliniuliza nakula nini siku za kazi, na kwa nini taa ya ngazi yangu haiwaki, na kama yule daktari wa meno bado anakuja kunitembelea au nimemfukuza. Nikamjibu yote. Mengine sikutaka, lakini nikajibu.

Leo kapanda kwenye kiti amebadilisha taa ya ngazi, nimemgombeza, amecheka. Sasa hivi amelala kwenye kochi na viatu miguuni, gazeti limemfunika uso. Mfuko wake bado uko mlangoni haujafunguliwa wala haujafungwa vizuri. Hajasema anarudi lini, nami sijamuuliza.

Mwanao